Ndiyo, Ndiyo ya Fundi Sikio

Wasomaji wangu, nyinyi mlio na wazazi majumbani, na nyinyi ambao ni wazazi wenyewe, nipeni nafasi kidogo. Habari hii ni ya nyumba moja tu. Lakini nikitazama watu wanavyoishi siku hizi, naona ingeweza kuwa ya nyumba ya tatu kutoka kwenu. Au ya kwenu.

Asubuhi katika ua wa Fundi Sikio ilipendeza. Ua umefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana mchangani. Birika liko jikoni. Chini ya banda la mabati limesimama trekta lake kuukuu la petroli, wekundu wake umepauka hadi kufanana na tofali, na juu ya kiti cha chuma kuna mto uliofumwa na mkewe. Fundi amekalia debe lililopinduliwa, anafuta spana mojamoja na kuzipanga kwa ukubwa. Mkewe yuko kizingitini na ungo, anachagua mchele. Ungepita hapo ungesema, tazama watu walioridhika. Ungekaa kidogo zaidi ungegundua kwamba saa nzima imepita na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Jina la Sikio hakujipa, alipewa na watu. Zamani ungemletea gari, ukalizima nje ya lango, naye akakuambia akiwa bado anatafuna, "Silinda ya pili. Plagi imelowa." Ukifungua, unakuta ndivyo. Vijana walitaniana, "Usipite karibu na Sikio ukiwa na njaa, atasikia tumbo lako kabla hujabisha hodi." Naye alicheka nao, kwa kuwa alilipenda jina lile kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa, nieleze jambo moja la ufundi ili tusiachane njiani. Injini ya trekta lile ina silinda nne, na zote nne zinatakiwa ziwake kwa zamu. Moja ikikataa, injini haizimi, ila inachechemea kama mtu aliyechomwa na msumari kisiginoni. Mafundi husema injini inamisi. Kumjua mkorofi ni yupi, fundi wa kawaida huwasha injini ikiwa ya baridi, akadondosha maji kwenye yale mabomba mafupi manne yanayotoa moshi kabla hayajaungana. Penye moto, maji huchemka na kuruka mvuke. Pasipo moto, hutiririka tu. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Fundi Sikio aliicheka njia hiyo hadharani. "Hayo maji ni ya wasio na masikio," alisema. Binti yake, yule kitindamimba, alipokuwa mdogo alipenda kuja na kikombe chake cha maji ili amsaidie baba. Baba alimbeba, akamkalisha juu ya tairi, akamwambia, "Mwaga, mama. Sisi hatuhitaji maji. Fumba macho usikilize."

Basi masikio hayo yaliondoka. Hayakuondoka kwa kishindo. Walianza ndege wa alfajiri, akadhani wamehama. Ukafuata mlio wa birika. Zikafuata sauti za wanawake na watoto, kisha za wanaume, zikabaki kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta mnene. Injini nazo zikawa mngurumo mmoja usio na viungo. Fundi hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani? Fundi aitwaye Sikio akisema hasikii, anabaki kuwa nani?

Akabuni dawa yake. Mtu akimsemesha, alimtazama mdomo, akangoja usimame, kisha akaitikia kwa kichwa polepole na kusema, "Ndiyo, ndiyo." Mara nyingi ilifaa. Watu wengi wakikueleza jambo wanataka ndiyo tu. Mezani wakicheka, naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na wengine walipokuwa wamenyamaza yeye ndiyo kwanza anaonyesha meno. Mwanawe mkubwa, dereva wa lori, alisema, "Mzee siku hizi anajisikia. Ukimwongelesha anakujibu kama bosi ofisini." Basi nao wakapunguza kumwongelesha. Kwanza habari za mtaani zikaacha kumfikia, kisha habari za nyumbani, mwisho hata "umeamkaje" ikawa ya kuinuliana mkono.

Na kitindamimba alikuwa ameondoka mwaka uliopita. Asubuhi moja baba alimwona ameshika begi langoni, macho mekundu, akampungia. Akaenda mji mwingine kushona nguo za watu. Fundi hakuelewa kwa nini mtoto ameondoka bila kumwambia lolote. Liliuma, akalimeza. Kuanzia siku ile mkewe naye alibadilika, akawa anamtengea chakula na kugeuka. Fundi alimeza na hilo. Jioni alikwenda kukaa bandani, akaegemeza mgongo kwenye tairi lile kubwa la nyuma, akatazama watu wakipita njiani wakizungumza, midomo inacheza, mikono inacheza, kama watu walio ndani ya kioo.

Trekta peke yake ndilo halikumtaka ajibu kitu.

Siku trekta lilipoanza kumisi, alikuwa analima shamba la jirani yake mjane. Alihisi kiti kinamtikisa vibaya, akadhani ni mawe. Jirani alisimama mpakani akipunga kanga.

"Fundi! Mtu wako anakohoa huyo!"

Fundi akainua mkono. "Ndiyo, ndiyo!"

"Nasema linakohoa! Simama!"

"Ndiyo, ndiyo!"

Akalima nusu saa nzima hivyo hivyo, hadi jembe liliponasa ardhini na injini ikazima yenyewe. Jirani alitazama ile mistari, mingine imezama, mingine imekwaruza juu juu tu. Alikuwa mtu mpole, hakugomba. Lakini wiki iliyofuata alimwita mwenye trekta lingine, na wenzake wakamfuata.

Mwezi mzima Fundi Sikio akahangaika. Alitoa plagi zote nne, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, akazipiga msasa, akazirudisha. Bado. Akafungua kabureta, akaisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku. Bado. Akabadilisha koili inayozalisha umeme wa cheche. Akasugua vile visahani viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Bado. Mtu anayefanya kazi kwa kubahatisha huchoka haraka kuliko anayebeba mawe, na yeye alikuwa anabahatisha. Alifumba macho kama zamani, akainamisha kichwa, na kichwani mwake hakukuja kitu. Kikombe cha maji kilikuwepo, bomba la maji lilikuwepo hatua kumi tu. Hakugusa. Watu wanapita njiani, wangemwona.

Mkewe naye alikuwa anasikia jambo. Akianika nguo karibu na banda huku injini inanguruma, alisikia kitu kidogo pembeni, tik, tik, tik, kama ukucha unagonga bati. Siku moja akasogea, akasema, "Baba watoto, kuna kitu kinatiki hapa upande wa nyuma."

Fundi, kichwa kimeinamia injini, aliona kivuli chake tu. "Ndiyo, ndiyo."

Kesho yake akasema tena. "Kinatiki, nakuambia. Hukisikii?"

"Ndiyo, ndiyo."

Mama akaangalia ule mgongo. "Haya," akasema. "Bwana mkubwa anajua." Akachukua beseni lake akaenda zake.

Kisha ikaja jioni ya mwanawe. Alirudi na lori, amechoka, akaenda moja kwa moja bombani kunawa miguu. Akiwa ameinama, amempa baba yake mgongo, maji yanamwagika, akasema, "Baba, hili dude limekwisha. Kuna jamaa ananunua vyuma chakavu, analikata hapa hapa na kulibeba. Nimwambie aje Jumamosi?"

Fundi aliona mgongo unatikisika. Akafikiri kijana anauliza kuhusu sabuni.

"Ndiyo, ndiyo."

Mwana akageuka kwa mshangao. "Kweli, Baba?"

Hapo Fundi aliuona mdomo, na neno lile alilijua. Akaudhika kidogo, mambo gani haya ya sabuni? "Kweli! Nimeshasema."

Mwana akamtazama mama yake aliyekuwa mlangoni. Mama akainua mabega. Wote wawili walijua jinsi mzee anavyolipenda trekta lile. Lakini amesema mwenyewe, mara mbili. Nyinyi mngefanyaje?

Jumamosi asubuhi Fundi alitoka na kikombe cha chai akakuta lori ndani ya ua, wanaume wawili wanashusha mitungi ya gesi, na wa tatu, mwenye kitambi na kofia ya sufu, anazunguka trekta. Akafurahi. Wateja! Akanyoosha mkono, akacheka, akasema "karibuni, karibuni". Mwenye kofia akampa mkono, akaendelea na kazi. Akatoa chaki mfukoni, akachora mstari mweupe katikati ya boneti. Akachora mwingine shingoni mwa usukani. Kijana mmoja akavaa miwani myeusi.

Chai ikamwagika.

"Wee! Wee! Unafanya nini?"

"Nakata, mzee."

Fundi alikwishaona miwani na mtungi, hakuhitaji kusikia. Akachomoa hendeli ya kuwashia injini, akasimama mbele ya trekta akiwa ameiinua kwa mikono miwili. Mwanawe akaja mbio, shati mkononi.

"Baba! Mbona unatuaibisha? Si ulikubali?"

Baba alimtazama mdomo. "Nilikubali nini?"

"Liuzwe! Dude liuzwe! Nilikuuliza bombani, ukasema ndiyo, nikakuuliza tena, ukaniambia umeshasema!"

"Nilikuwepo," mkewe akasema. "Uliitikia, baba watoto. Usimgeuke mtoto."

Watu wakaanza kujaa kwenye uzio. Yule jirani mjane alikuwepo, na fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, na wengine ambao hawakuwa na kazi nyingine siku ile. Mwenye kofia akafuta jasho. "Mzee wangu, nimechoma mafuta kuja hapa. Ukisema umegeuka, sema umegeuka, tujue tunazungumza na mtu wa namna gani."

Fundi Sikio alisimama pale na chuma chake. Njia zilikuwa mbili, na zote alizijua. Aseme amebadili mawazo, awe kigeugeu mbele ya watu wote, na jamaa yule alikuwa na haki ya kuchukua alichoahidiwa. Au aseme lile jingine. Aliitazama ile chaki kwenye boneti. Hendeli ikashuka.

"Sikusikia," alisema.

"Umesemaje?"

"Sisikii." Hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani, ikatoka kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Mwaka wa tatu huu. Sisikii trekta, sisikii watu. Nasema ndiyo kwa kuwa sijui mmesema nini."

Ua mzima ukanyamaza. Kwa Fundi haikuwa na tofauti. Kisha fundi wa baiskeli akashindwa kujizuia. "Jamani! Sikio hasikii!" Kicheko kikaruka juu ya uzio. Fundi hakukisikia, aliona meno.

Mkewe aligeuka kama aliyechomwa. "Cheka! Cheka vizuri, na mama yako akizeeka umcheke hivyo hivyo! Huna haya?" Akamwendea mumewe, akamshika mashavu kwa viganja vyake viwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akamgeuza uso ili amwone mdomo. Akasema polepole.

"Linatiki. Upande wa nyuma. Nimekuambia mwezi mzima."

"Linatiki?"

"Tik. Tik." Akamgonga begani kwa kidole, kwa mwendo ule ule.

Halafu akaingia ndani, akatoka na birika la maji baridi. Fundi aliliona birika, akaelewa, na masikio yake yale yasiyofanya kazi yakawaka moto kwa aibu. Maji ya wasio na masikio. Akatazama uzio, akamtazama mkewe.

"Dakika chache," akamwambia mwenye kofia. "Likishindwa, likate."

Mwenye kofia akakalia mtungi wake. "Haya. Nami nione."

Mwana ndiye aliyezungusha hendeli. Injini ikaamka ikichechemea. Mama akainama na birika. Bomba la kwanza, mvuke. La pili, mvuke. La tatu, mvuke ukamruka hadi usoni, akarudi nyuma akipiga chafya. La nne, maji yakatelemka, yakadondoka mchangani, basi.

"Ya nne!" watu wakasema kwenye uzio. Sasa kila mtu fundi.

Wakazima. Fundi akabadilishana plagi, ya tatu akaiweka nne, ya nne akaiweka tatu. Wakawasha, wakamwaga maji. Bado ya nne ndiyo baridi. Basi plagi haina kosa, akawaza, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alikuwa anawaza kwa mpangilio. Kosa liko njiani, kabla cheche haijafika. Akamtazama mkewe. Mkewe akasikiliza, akanyoosha kidole mahali waya wa plagi ya nne unapopita nyuma ya kibati kimoja.

Injini ilipozimwa tena, Fundi akapitisha kidole nyuma ya kibati. Akakuta kifungo cha waya mwembamba wa chuma, alichokifunga yeye mwenyewe msimu uliopita kishikio kilipovunjika. Kile chuma kilikuwa kimesugua mpira wa waya wa plagi hadi nyama ya ndani. Cheche ilikuwa inarukia kwenye chuma hapo hapo, tik, tik, badala ya kwenda kufanya kazi. Mtu yeyote mwenye masikio angeisikia. Mtu mmoja aliisikia, akasema, akaitikiwa ndiyo.

Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia waya, akaufunga kwa kamba mbali na chuma. Mwana akazungusha hendeli.

Fundi hakufumba macho. Aliweka kiganja juu ya boneti, juu ya ule mstari wa chaki. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Akamtazama mkewe amhakikishie. Mkewe akainua vidole vinne.

Mwenye kofia alipewa sahani ya jembe iliyopasuka ili asirudi mikono mitupu, akaondoka akinung'unika kwamba watu wa hapa ni sinema.

Ningependa niishie hapo, wasomaji wangu. Lakini mchana ule, watu walipotawanyika, mke wa Fundi alikaa kwenye debe mbele ya mumewe, akawa anamtazama tu. Kisha akauliza, polepole, "Na kitindamimba, je?"

"Kitindamimba amefanyaje?"

"Hukumsikia na yeye?"

Fundi akatikisa kichwa. Hakuelewa.

"Alikuja hapa hapa bandani. Hakupenda kwenda kushona. Alitaka umzuie. Akakuuliza," na hapo mama alilazimika kuanza upya, mdomo ulikuwa unamcheza, "akakuuliza, 'Baba, mimi ni mzigo kwako?'"

Fundi alimtazama mdomo hadi mwisho wa sentensi ile. Hakumuuliza alijibu nini.

"Mwaka mzima nimekuona mtu mbaya," mkewe akasema.

Jumatatu, lori la mwanawe lilibeba barua kwa kitindamimba. Fundi aliiandika mwenyewe, na mafuta ya mashine yalibaki kwenye pembe za karatasi. Ilikuwa fupi. *Sikukusikia. Masikio yamekufa nikaficha. Si mzigo. Hujawahi kuwa. Baba.*

Mwana aliporudi baada ya siku nne alisimama mbele ya baba yake, uso kwa uso, kama alivyofundishwa. "Ameisoma. Akauliza, bado anasema ndiyo, ndiyo?"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia siku hizi anasema, 'Sikusikia, rudia.' Hata mara tano. Anatuchosha."

"Akacheka?"

Mwana akatazama chini, kisha akakumbuka, akainua uso tena ili aonekane. "Hapana, Baba. Alikunja barua, akaendelea kushona. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja."

Trekta linalima. Mjane amerudi, na wenzake. Jina la Sikio watu bado wanaliita, wengine kwa utani, naye huwaachia. Lakini kila siku ambayo lori la mwanawe linatarajiwa, utamwona Fundi amesimama langoni na kiganja kimelala juu ya lile bati la lango. Bati hutetemeka lori likiwa bado mbali. Hapo Fundi huanza kukaza macho barabarani, ahesabu vichwa vinavyoonekana nyuma ya kioo cha lori. Mpaka leo ninapoandika, ni kimoja.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ewe unayepoteza kusikia, au kuona, au nguvu za miguu, sema mapema. Usione haya. Fundi Sikio aliona aibu ya siku moja ni nzito, akaikwepa, na kwa kuikwepa akalipa mwaka wa mtoto wake. Siku alipoikubali, ilimgharimu birika moja tu la maji.

Nanyi mnaoishi na mtu aliyeanza kunyamaza, msiharakishe kusema anaringa. Mgeukeni. Msizungumze naye mkiwa mmempa mgongo, mnanawa miguu au mnatazama simu. Mkimuuliza jambo kubwa naye akajibu haraka mno, ulizeni tena, mkiwa mmemtazama usoni, mhakikishe amelipata. Ndani ya nyumba yenye watu wanne mtu anaweza kuwa peke yake kabisa, na wote wanne wakala sahani moja.

Nimemaliza yangu. Ukiweka chini karatasi hii, nenda kamwulize mzee wako jambo dogo tu, kisha ungoje jibu lake.